Kidonda cha Tumbo Kisichouma

Mzee aweza kuwa na kidonda cha tumbo, au cha mwanzo wa utumbo mwembamba, na tumbo lisimwume hata kidogo. Kijana huamshwa usiku na maumivu; mzee huona uchovu tu, na pumzi kumpaa apandapo kilima, na watu wa nyumbani husema ni uzee. Kumbe damu inamtoka ndani kidogo kidogo. Choo kikiwa cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya, apelekwe hospitali siku ile ile.

Zamani lawama ilitupiwa pilipili na wasiwasi. Mwaka 1982 madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, waligundua kijidudu Helicobacter pylori, ambaye huuawa kwa dawa za wiki mbili hivi. Lakini wazee wana adui mwingine, tena hununuliwa dukani kwa hiari: vidonge vya maumivu ya magoti na mgongo, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hivyo hudhoofisha ute unaoukinga ukuta wa tumbo. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Amwulize daktari, ambaye aweza kumwongezea dawa ya kupunguza asidi.