Hiari ya Mwanafunzi Isiwe Kisingizio

Kijana aliyeacha skuli kwa sababu ya dhiki, uvuvi, karafuu au ulezi haburutwi kurudi darasani kama mtoto mdogo. Amekwisha kuonja jasho lake na fedha yake. Akirudi, atarudi kwa hiari. Lakini hiari hiyo ni yake yeye. Isigeuzwe kisingizio na wale waliopewa dhamana ya kumfundisha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1971, Mafia na Ukerewe, visiwa vyote viwili, vilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochaguliwa kutangulia kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Mwaka 1975, Tanzania Bara ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kujifunza kutoka Sweden. Hapa Unguja, Kituo cha Elimu Mbadala cha Rahaleo kimeunganisha masomo na ufundi wa mikono. Mlango basi upo. Tunalouliza ni kwamba hufunguliwa saa ngapi, na uko mbali kiasi gani na kijana wa Nungwi au Makunduchi?

Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kushika mizizi mwaka 1989, wanawake na wasichana wa Paje na Jambiani hushuka pwani maji yanapokupwa. Siku za bamvua maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati mwalimu yumo darasani. Mvuvi wa dagaa naye hukesha baharini usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi. Kuwapangia vijana hawa ratiba moja ya mwaka mzima ni kuwafungia mlango, kisha kuwalaumu kwamba hawakuingia.

Ratiba na ifuate mwezi na maji. Wakulima wa mwani wasome siku za maji mafu, wavuvi wasome wakati wa mbalamwezi, na madarasa ya Pemba yapumzike karafuu zinapochumwa. Majengo ya skuli za vijijini yatumike jioni. Posho ya mwalimu ifike kwa wakati, kwani hiari ya mwanafunzi haimshibishi mwalimu. Wazazi na wenye vyombo nao wawape vijana ruhusa bila ya masimango.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Kijana aonyeshe nia. Serikali nayo itengeneze njia.