Mzawa au Mgeni? Ada ya Chuo Kikuu na Karatasi ya Wodi ya Wazazi

Mkunga wa Babati amalizapo kumhudumia mzazi, hubakiwa na kazi moja ya kalamu: kujaza tangazo la kizazi. Huandika jina la mama, la baba, mahali na tarehe. Mara nyingi ni alfajiri, zamu inakaribia kwisha, na mama amechoka kiasi cha kuitikia tamko lolote la jina lake. Karatasi hiyo huzaa cheti cha kuzaliwa, na cheti husaidia kupata kitambulisho cha Taifa na pasipoti. Miaka 19 baadaye, ofisi ya udahili ya chuo kikuu huzitazama hati hizo na kuamua kama kijana atalipa ada ya mzawa au ya mgeni.

Tofauti ya ada hizo mbili si ndogo. Katika vyuo vyetu, ada ya raia hutajwa kwa shilingi. Ya mgeni aghalabu ilikuwa ikitajwa kwa dola ya Marekani. Tena asiye raia hana mlango wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kwa ajili ya Watanzania. Kwa mkulima wa mahindi na mbaazi anayetaka mwanawe asomee udaktari kwa miaka mitano, hilo pekee laweza kuamua kama safari itaanza.

Kigezo cha Tanzania ni uraia, wala si makazi. Kijana aweza kuwa amekulia Bagara, amesoma Babati tangu darasa la kwanza na anasema Kigorowa kama bibi zake. Chuo hakipimi hayo. Chuo husoma hati, na Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamesajiliwa. Watoto hao ndio wanaobisha hodi vyuoni miaka hii.

Manyara ina ugumu wake wa pekee, nao ni majina. Majina mengi ya Kiiraqw na Kigorowa yana Q au TL, sauti ambazo karani aliyetoka mkoa mwingine huziandika kwa namna aisikiavyo. Q hugeuka K, TL hubaki L, na mtu mmoja huwa na majina mawili: moja katika cheti cha kuzaliwa, jingine katika cheti cha kidato cha nne. Hapo huhitajika kiapo mbele ya wakili, na wakati mwingine hati rasmi ya kubadili jina, huku tarehe ya mwisho ya maombi ikisogea. Aliyezaliwa Babati kabla ya mwaka 2002 ataona cheti chake kimeandikwa Mkoa wa Arusha. Hilo si kosa, kwani Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa, ingawa ofisa wa chuo cha ng'ambo huenda akahitaji kuelezwa.

Lipo pia suala la uraia wa nchi mbili. Mtoto wa mama Mtanzania na baba Mkenya aweza kuwa raia wa kote kuwili angali mdogo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu hali hiyo kwa mtu mzima: afikapo miaka 18 hutakiwa kuchagua. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, iliruhusu uraia wa nchi mbili, na ndiyo maana familia nyingi hudhani Tanzania nayo imeruhusu. Uamuzi huo humwangukia kijana wakati uleule anapoomba chuo.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na utaratibu mwepesi zaidi. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na kijana wa Tanganyika aliyepanda kwenda Makerere kusomea udaktari alikuwa bado ndani ya chuo chake. Mwaka 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo hili kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Tangazo ni jema, lakini ada bado hupangwa na kila chuo. Tabibu anayetaka kusoma Kampala au Nairobi asome jedwali la ada la chuo husika, aone kama raia wa Afrika Mashariki amewekwa pamoja na wenyeji au na wageni.

Uingereza hupima kwa mizani nyingine. Kwa kawaida, mwanafunzi hutakiwa awe na haki ya kudumu ya kuishi huko siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, na awe ameishi huko kwa miaka mitatu kabla yake, si kwa ajili ya masomo hasa. Maana ya "makazi ya kawaida" ilitolewa mwaka 1982 na Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, katika shauri la Shah dhidi ya halmashauri ya Barnet, lililohusu ruzuku za wanafunzi. Malodi walisema ni mahali ambapo mtu amekaa kwa hiari na kwa kusudi lililotulia, kama sehemu ya mwenendo wa maisha yake. Kwa tafsiri hiyo wanafunzi walishinda, na muda si mrefu kanuni zikabadilishwa ili miaka ya masomo isihesabiwe. Wahudumu wa afya watavutiwa kujua kuwa tafsiri hiyohiyo hutumiwa na hospitali za umma za Uingereza kuamua nani atibiwe bila malipo na nani alipe. Kwa England, ada ya shahada ya kwanza kwa wazawa ina kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa pauni 9,535 kwa mwaka. Ya wageni haina kikomo.

Hapo ndipo familia za wauguzi waliokwenda kufanya kazi huko hukwama. Viza ya kazi si haki ya kudumu ya kuishi. Mtoto aliyefuatana na mama yake, hata akikaa miaka minne, kwa kawaida bado huhesabiwa mgeni. Lakini kisa kigumu kuliko vyote ni cha mtoto aliyezaliwa huko akiwa raia wa Uingereza, kisha akarudishwa Babati alelewe na bibi. Akienda chuo cha Uingereza na pasipoti yake, huulizwa miaka mitatu iliyopita aliishi wapi. Jibu ni Babati, hivyo alipe ada ya mgeni, isipokuwa familia ithibitishe kwamba alikuwa mbali kwa muda tu. Akiomba chuo cha Tanzania baada ya miaka 18, hali akiwa amebaki na uraia wa Uingereza, ni mgeni vilevile.

Vyuo vya Uingereza hutuma fomu ya kutathmini hadhi ya ada pale mambo yasipokuwa wazi. Fomu hiyo ijazwe, na jibu lipatikane kwa maandishi, kabla ya kukubali nafasi, kwa kuwa masomo yakishaanza hadhi hubadilika kwa nadra. Ambatisha tarehe za safari, barua za shule na viza za zamani.

Kwa upande wa nyumbani, aliyechelewa kusajiliwa bado aweza kuomba cheti akiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha shule. Kwa watoto wa leo mambo ni mepesi zaidi: mpango wa RITA ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kuenea mkoa baada ya mkoa umesogeza usajili wa walio chini ya miaka mitano hadi vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hutolewa bila malipo. Mkunga naye aweza kumwomba mama kitambulisho au kadi ya kliniki, akanakili jina herufi kwa herufi, Q ibaki Q. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.