Bunduki ya urithi katika uwindaji
Bunduki ya urithi ni silaha ambayo mwindaji ameipata kutoka kwa mzazi, babu au ndugu mwingine na kuendelea kuitumia. Desturi hiyo imeenea nchini Marekani. Mfano maarufu ni Winchester Model 1894, iliyobuniwa na John Browning na kupendwa na wawindaji wa kulungu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaruhusu kurithi bunduki kutoka jimbo lingine, mradi mrithi anaruhusiwa kuimiliki katika jimbo lake.

Hatari kubwa hutokana na risasi zisizolingana na umri wa bunduki. Bunduki nyingi za karne ya 19 zilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi huleta shinikizo kubwa zaidi, na inaweza kupasua mtutu na kumjeruhi mwindaji.

Tangu mwaka 1991 ni marufuku kote Marekani kuwinda bata na mabata bukini kwa chembe za plumbi, kwa sababu ndege humeza zile zinazobaki majini na kufa kwa sumu. Chembe za feleji zilizochukua nafasi yake ni ngumu, hivyo zinaweza kuharibu mitutu ya zamani. Wenye bunduki hizo hutumia chembe za bismuthi, ambazo ni laini zaidi lakini ghali.

Kwa hiyo bunduki iliyorithiwa hupaswa kukaguliwa na fundi wa bunduki kabla ya kutumiwa.