Ukinunua injini Kampala, usome moshi wake kwanza

Wengi wanaorudi kwao Kongo au Sudan Kusini hupitia Owino kukamilisha mizigo. Soko hili, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, linasifika kwa mitumba, lakini mwenye mtaji huvuka hadi mitaa jirani ya Kisenyi na Katwe kutafuta jenereta au injini ya kinu cha posho. Huko nimewasikia wauzaji wakinadi kwamba moshi mzito ni dalili ya nguvu.

Si kweli. Moshi mweusi maana yake dizeli haiungui yote: pengine chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka au injini imebebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Ukiwa wa buluu, ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ringi zimelika. Hapo umenunua hasara.

Tena umenunua maradhi. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Chembe za masizi yake ni ndogo mno kuliko upana wa unywele, nazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Wa kwanza kuzivuta ni mwendesha kinu, kisha akina mama waliopanga foleni na mahindi yao.

Serikali zetu hazikulala. Tanzania ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2007, Kenya mwaka 2014 na Uganda mwaka 2024. Lakini mkaguzi wa NEMA hawezi kufika kila kibanda chenye injini. Marekani nayo ilikabiliwa na tatizo kama hilo kwa boila ndogo. Badala ya kuzidai vipimo vya gharama kubwa, sheria iliamuru nyingi zikaguliwe na kurekebishwa na fundi kila baada ya miaka miwili.

Nasi tunaweza kuanzia hapo. Kabla ya kulipa, nenda na fundi wako, injini iwashwe, ipate moto, kisha ipewe mzigo. Ikiendelea kutoa moshi mweusi au wa buluu, punguza bei au ondoka. Ukifika nyumbani, bomba la moshi lipandishe juu ya paa, mbali na foleni ya wateja, na chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe kwa wakati.