Matokeo Yasiyotarajiwa: Siku Nane za Kusubiri, Lilongwe na Dzaleka

Tarehe 24 Septemba 2025, jijini Lilongwe, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Malawi, Jaji Annabel Mtalimanja, alimtangaza Profesa Peter Mutharika wa chama cha DPP kuwa mshindi wa uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 16 ya mwezi huo. Alikuwa amepata takribani asilimia 57 ya kura. Rais aliyekuwa madarakani, Dkt. Lazarus Chakwera wa chama cha MCP, alipata takribani asilimia 33. Saa chache kabla ya tangazo hilo, Dkt. Chakwera alilihutubia taifa, akakiri kwamba pengo lilikuwa kubwa kiasi cha kutozibika, akaeleza kuwa amekwisha kumpigia simu mpinzani wake kumtakia heri.

Hayo yanajulikana kwa kila aliyekuwa na redio. Jambo linaloelezwa kwa nadra ni kwa nini wakazi wengi wa Lilongwe na Dowa walistaajabu, na ni kitu gani huamua kama mshangao wa namna hiyo utapita kwa salama au utageuka kuwa mawe na moto. Tumeona vema kulieleza kwa wasomaji wetu wa mipakani, wa Songwe na Karonga, wa Mchinji na Dedza, pamoja na ndugu zetu waliohifadhiwa Dzaleka. Biashara zao na safari zao huguswa na kila uchaguzi, wawe wamepiga kura au hawakupiga.

Tuanze na mshangao wenyewe. Mkoa wa Kati ni ngome ya MCP tangu zamani. Aliyeishi Lilongwe katika miezi ya kampeni aliona rangi za chama hicho kwenye maduka, kwenye mabasi madogo na kwenye vitenge vya akina mama. Kutokana na hayo ilikuwa rahisi kuamini kwamba nchi nzima imevaa vivyo hivyo. Lakini Mkoa wa Kusini una watu wengi, una ngome zake, na aliyekuwa Blantyre au Thyolo wiki hiyohiyo aliona rangi nyingine kabisa. Tena kitenge si karatasi ya kura. Yule aliyesimama saa nyingi kwenye foleni ya petroli huku amevaa fulana ya chama aliyopewa bure, anapoingia kwenye kibanda cha kupigia kura yuko peke yake.

Hesabu nazo zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuzisoma. Mwaka 2019 Profesa Mutharika alitangazwa kupata asilimia 38.57, Dkt. Chakwera 35.41, na Dkt. Saulos Chilima wa chama cha UTM 20.24. Mwaka 2020 wawili hawa wa mwisho waliungana katika Muungano wa Tonse, na kura zao zikiwekwa pamoja zikavuka nusu. Kisha Dkt. Chilima alifariki katika ajali ya ndege tarehe 10 Juni 2024, na mwaka 2025 UTM ikasimamisha mgombea wake yenyewe. Nguzo moja kati ya mbili zilizobeba ushindi wa 2020 haikuwapo tena. Juu ya hayo, thamani ya kwacha ilikuwa imeshushwa kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023, ukame wa 2024 ukachoma mahindi shambani, na fedha za kigeni za kununulia mafuta na dawa zikaadimika. Hatusemi nani alistahili kushinda, kwani hiyo si kazi yetu. Tunasema tu kwamba matokeo yaliyoonekana kama radi kwa mtu wa Lilongwe yalikuwa na sababu zilizoonekana mapema.

Sasa tuje kwenye siku za kusubiri, ambazo kwa maoni yetu ndizo zenye hatari kuliko siku ya kura na siku ya tangazo. Sheria ya Malawi inaipa Tume siku nane kutangaza matokeo ya urais. Wengi hudhani siku hizo ni za kupikia matokeo. Katika siku hizo kuna kazi nyingi. Kura huhesabiwa kituoni palepale zilipopigwa, mbele ya mawakala wa vyama. Hesabu huandikwa kwenye fomu, nao mawakala hutia saini. Fomu hupelekwa kwenye kituo cha kujumlishia cha jimbo, na mwaka 2025 majimbo yalikuwa 229. Kutoka huko huenda kwenye kituo kikuu cha taifa, ambacho safari hii kilikuwa Lilongwe, katika ukumbi wa mikutano wa Bingu. Huko hukaguliwa, malalamiko husikilizwa, na fomu zenye kasoro huchunguzwa. Ndipo matokeo hutangazwa, halmashauri moja baada ya nyingine.

Utaratibu huo wa kutangaza kidogo kidogo una faida ya uwazi, lakini una mtego wake. Halmashauri zinazokamilisha kazi mapema si lazima zifanane na nchi nzima. Mwaka 2025 takwimu za awali zilimwonyesha mshindi akiongoza kwa pengo kubwa kuliko lile la mwisho. Kura za ngome za mpinzani wake zilipoingia, pengo likapungua. Mtu asiyejua jambo hili, akiona asilimia zikishuka usiku mmoja, ataapa kwamba kura zinaibwa. Mwingine, akiona zinapanda, ataanza kusherehekea mlangoni kwa jirani aliyeshindwa. Wote wawili hawana habari kamili, na wote wawili wana simu mkononi.

Malawi ilikwisha kuonja ladha ya siku kama hizo zilipokwenda vibaya. Matokeo ya 2019 yalipotangazwa tarehe 27 Mei, fomu nyingi zilikutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia, nayo maandamano yakaendelea kwa miezi. Maduka ya Lilongwe yalivunjwa na kuporwa, na wenye maduka, raia na wageni, walihesabu hasara pamoja. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo, huko Msundwe, magharibi mwa Lilongwe kwenye barabara ya Mchinji, afisa wa polisi aliuawa kwa kupigwa mawe akiwa kazini. Siku hiyohiyo wanawake na wasichana wa Msundwe, Mpingu na Mbwatalika walifanyiwa ukatili wa kingono, nao wakawataja waliowatendea kuwa ni askari. Tume ya Haki za Binadamu ya Malawi ilichunguza, na Agosti 2020 Mahakama Kuu ikaamuru wanawake hao walipwe fidia. Tunayataja mambo haya mawili kwa pamoja kwa makusudi. Katika vijiji hivyo mtu anayesimulia moja bila la pili hasikilizwi, na afisa wa mahusiano ya jamii anayekwenda Msundwe akiwa na nusu ya habari atarudi mikono mitupu.

Kilichobadili mkondo kilikuwa mahakama. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano, waliofika mahakamani chini ya ulinzi wa jeshi, walisoma hukumu ya kurasa mamia, wakatengua uchaguzi wa rais na kuamuru mwingine. Walisema pia kwamba mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo Mei 2020. Uchaguzi wa marudio ulifanyika tarehe 23 Juni, Dkt. Chakwera akapata zaidi ya asilimia 58, na Profesa Mutharika akaondoka Ikulu. Miaka mitano baadaye Profesa huyohuyo amerudi kwa kanuni ileile ya nusu na zaidi iliyomtoa, akiwa na mgombea mwenza Dkt. Jane Ansah, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi mwaka 2019, yule ambaye waandamanaji walikuwa wakimtaka ajiuzulu. Siasa zina vichekesho vyake. Lakini mkulima wa Dowa aliyelala na huzuni mwaka 2025 alikuwa na kitu ambacho hakukuwa nacho hapo awali: alikwisha kuona kwa macho yake kwamba lalamiko lenye ushahidi hupata mlango, na kwamba aliyeshindwa leo hajafukuzwa nchini. Safari hii pia MCP ilikwenda mahakamani kuomba tangazo lisitishwe. Ombi likakataliwa, na siku hiyohiyo kiongozi wake akakubali kushindwa.

Dzaleka iko wilayani Dowa, takribani kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao elfu kumi, nayo leo ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Huko neno uchaguzi lina uzito mwingine. Warundi wenye umri mkubwa wanakumbuka tarehe 1 Juni 1993, Melchior Ndadaye alipomshinda Rais Pierre Buyoya kwa takribani asilimia 65 dhidi ya 33. Yalikuwa matokeo ambayo serikali iliyokuwapo haikuyatarajia. Buyoya alikubali kushindwa, wageni wakapongeza, watu wakaamini kuwa mambo yamekwisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo askari walimuua Ndadaye, mauaji yakaenea nchini, na mamia ya maelfu wakavuka mipaka. Mtu aliyepitia hayo akisikia kwamba Lilongwe imetulia baada ya tangazo, hatulii haraka. Anangoja miezi ipite. Hofu yake si ya kubezwa, na anayeishi naye mtaa mmoja afahamu kwamba jirani anayefunga duka mapema siku za matokeo hakufanya hivyo kwa chuki dhidi ya mshindi.

Hofu ya pili inahusu serikali mpya itafanya nini. Machi 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini waliagizwa kurejea Dzaleka, na Mei mwaka huo wengi walikamatwa jijini Lilongwe na kupelekwa huko. Wapo waliopoteza bidhaa, wapo watoto waliokatishwa masomo. Kwa hiyo, kila serikali inapobadilika, uvumi huzaliwa: wengine husema kambi itafungwa, wengine husema milango itafunguliwa. Mpaka serikali itangaze rasmi, uvumi wa namna zote mbili hauna msingi, na anayeuza duka lake kwa bei ya kutupa kwa sababu ya ujumbe wa sauti aliotumiwa usiku anamtajirisha mjanja.

Uvumi ulio hatari zaidi ni ule unaosema kwamba wakimbizi walipiga kura na ndio waliogeuza matokeo. Ukweli ni mwepesi kuueleza. Usajili wa wapiga kura ulifanywa kwa kitambulisho cha taifa cha Malawi, na mkimbizi hana kitambulisho hicho, bali ana cha ukimbizi. Hata kama wakazi wote wa Dzaleka, pamoja na watoto wachanga, wangekuwa wapiga kura, idadi yao isingefika hata sehemu ya ishirini ya tofauti iliyowatenganisha wagombea wawili wakuu, ambayo ilizidi kura milioni 1.2. Mwenye duka akisikia maneno hayo yakianza sokoni, asiyajibu kwa ukali. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa kamati ya ulinzi shirikishi, aeleze nani alisema, wapi na saa ngapi. Redio ya jamii ya Yetu, iliyoko ndani ya makazi ya Dzaleka, ni mahali pengine pa kusahihishia habari kwa lugha ambazo watu wanazielewa.

Kwa upande wake, mkimbizi hatakiwi kubeba bango la chama wala kukodishwa kushangilia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unamtaka afuate sheria za nchi iliyompokea na ajiepushe na vitendo vya uchochezi. Kuwa na maoni yake moyoni, au kusikiliza matokeo na familia yake, si kosa.

Raia wa Malawi asiyeridhika ana njia zake. Katiba inamruhusu kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na Sheria ya Polisi inawataka waandaaji watoe taarifa mapema, angalau saa 48 kabla. Taarifa hiyo haina maana ya kuomba ruhusa ya kuwa na maoni. Ni ya kuwezesha njia kupangwa, magari kuelekezwa kwingine, na wenye maduka kuarifiwa ili wajue watafunga saa ngapi.

Na ikitokea mtu akamatwe katika siku hizo, awe mwenyeji au mgeni, Katiba ya Malawi inasema aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kama lugha hiyo ni Kiswahili, aseme hivyo pale kaunta kabla ya kuandika maelezo au kutia saini, na aombe mkalimani. Jamaa aliyemfuata kituoni anaweza kuliomba hilo kwa niaba yake, na inafaa aje na kitambulisho cha ukimbizi cha ndugu huyo, au hati yake ya kusafiria iliyogongwa mhuri mpakani.