Motokaa Kuukuu na Safari za Kila Siku

Hapa Buzebazeba motokaa mpya ni chache. Nyingi zilitufikia zikiwa zimekwisha kuendeshwa miaka mingi na wenyewe wa kwanza huko Ujapani au Uingereza. Hata hivyo twazitaka zibebe magunia ya dagaa asubuhi, watoto mchana, na pengine usiku mama mwenye uchungu wa kuzaa, wa kupelekwa hospitali ya Maweni. Mama huyo hawezi kungoja fundi aamshwe. Basi kuitunza motokaa kuukuu si jambo la fahari. Ni kujua kama itawaka saa nane za usiku.

Watu husema, "Imezeeka, itakufa tu." Mimi sikubali, maana ziwa letu lina ushahidi. Meli Liemba iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Ikaungwa tena hapa, ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani, walipoona wanazidiwa vitani, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mitambo ikaonekana bado yafaa. Mei 1927 meli ikarudi kazini, ikaenda kwa mitambo ile ile ya mvuke mpaka miaka ya 1970.

Miaka mingi chini ya maji, na grisi ikaiponya! Motokaa yako hailali ziwani. Yalala chini ya mwembe. Ikifa mapema, mara nyingi imeuawa na joto, vumbi, au mafuta machafu.

Tuanze na joto. Wengi huchota maji ziwani wakajaza rejeta. Maji hayo ni mazuri kwa kuoga, lakini yana madini mengi, nayo yakichemka huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Ukoko ukiziba njia, injini huungua. Nunua maji ya rejeta dukani, yale ya rangi, ukifuata maandishi ya chupa: mengine huchanganywa nusu kwa nusu na maji safi ya betri yasiyo na asidi, mengine huja yamekwisha kuchanganywa. Ukikwama njiani, maji safi ya mvua yatakufikisha. Ibonyeze mipira ya maji injini ikiwa baridi. Ulio laini mno au wenye nyufa ubadilishe leo, usingoje kesho. Tena mshale wa joto ukipanda, simama. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, maana maji yatakurukia usoni.

Mafuta ya injini yapimwe kila juma, motokaa ikiwa mahali tambarare. Kwa mafuta ya kawaida, na kwa vumbi letu jekundu, mimi nasema yamwagwe kila kilomita 5,000, na chujio lake litupwe pamoja nayo. Mtu atatia mafuta mapya akaacha chujio la zamani, ati anabana matumizi! Chujio la hewa, kama ni la karatasi, lipulizwe au likung'utwe taratibu. Usilifue kwa maji.

Sasa breki, na hapa nakuomba usome polepole. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata kama motokaa haiendi. Ukishuka mlima mrefu ukikanyaga breki bila kupumzika, joto huchemsha unyevu ule, kanyagio likazama mpaka chini, na motokaa isisimame. Badilisha mafuta hayo kila miaka miwili. Na ile desturi ya madereva ya kushuka mteremko kwa gia huru ili kuokoa petroli, iache kabisa. Tia gia ndogo, injini yenyewe iizuie motokaa. Petroli utakayookoa haitoshi kulipia kidole kimoja cha mtoto wa jirani uliyempakia.

Wengine wataniuliza motokaa gani inafaa. Jibu langu ni fupi: ile ambayo fundi wa karibu aijua na vipuli vyake vyapatikana Mwanga kwa siku moja. Toyota Land Cruiser ya namba 70, iliyoanza mwaka 1984, ina sifa hiyo. Land Rover za kale, za tangu 1948, zina bodi ya alumini isiyoshika kutu, ila chesisi yake ni ya chuma na huliwa na kutu kwa chini. Lala chini uigonge kwa nyundo ndogo kabla ya kutoa fedha.

Motokaa kuukuu inaweza kuwa na raha pia. Makelele mengi yanayomchosha mtu hutoka katika bushi za mpira zilizokwisha. Vipuli hivyo ni vya bei ndogo. Vikibadilishwa, na shokapu zikiwa nzima, utadhani umeazima motokaa ya mwingine.

Weka daftari. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na fedha iliyotoka. Mimi ni karani, labda napenda daftari kupita kiasi, lakini fundi akikuambia plagi zimechoka, utamwonyesha ukurasa ulioandika kwamba aliziweka yeye mwezi uliopita.

Na ukinunua tairi, hasa zilizotumika, usitazame meno tu. Ubavuni tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi ya zamani sana hupasuka hata ikiwa na meno yote, hasa ikibeba mzigo njia ya jua kali. Mwuzaji akiwa amezikwangua tarakimu hizo, mrudishie tairi yake.