Kisima au paa? Namna ya kupanga mahitaji ya mradi

Anayefika mpakani Kasumbalesa huona malori ya shaba yakipanga foleni kuingia Zambia, na kila dereva anataka kutangulia. Ndivyo mahitaji yanavyofika mbele ya kamati ya kanisa, na sanduku ni moja. Mara nyingi hupita la mwenye sauti kubwa.

Iko njia ya haki zaidi: kulinganisha mahitaji mawili mawili. Tuseme parokia ina manne: kisima, vyoo, paa na vyombo vya muziki. Ulizeni: kisima au vyoo? Kisha kisima au paa? Endeleeni hivyo mpaka jozi zote 6 ziishe. Kila mara andikeni lililochaguliwa na sababu yake. Mwishoni hesabuni. Kisima kikipata 3, vyoo 2, paa 1 na vyombo 0, utaratibu umeonekana.

Mkiona kisima kimeshinda vyoo, vyoo vimeshinda paa, kisha paa limeshinda kisima, mnazunguka. Rudini kwenye sababu.

Angalieni pia nani yumo kikaoni. Kama mama anayeamka alfajiri kutafuta maji hayumo, hesabu itakuwa sahihi na jibu litakuwa baya.

Njia hii haionyeshi bei. Kabla ya kujenga, kaeni mhesabu gharama, kama Luka 14:28 inavyotufundisha. Na wanakwaya waliopata 0 waelezwe kwa upole kwa nini wanangoja.